Timu Iliyokufa na Daftari Lake

Juzi nilialikwa Makina, Kibera, kwenye arusi ya kijana wa Kinubi aliyekuwa akimwoa binti wa kwetu Mombasa. Baada ya sala ya Isha watu wazima tulijitenga barazani, tukaletewa chai ya tangawizi na mkate wao wa gurusa, na mazungumzo, kama ilivyo ada ya wanaume waliokwisha shiba, yakahamia kwenye mpira. Hapo ukazuka ubishi ambao mpaka leo haujanitoka kichwani.

Wazee wawili, wote wamepita miaka themanini, walikuwa wakibishana juu ya timu moja ya Kibera waliyoichezea pamoja ujanani mwao. Hawakubishana nani alikuwa hodari kuliko mwenziwe, maana hilo lingekuwa jambo la kawaida. Walibishana jina. Mmoja alishikilia kwamba jina la timu lilikuwa hili, na mwenziwe akaapa kwamba hilo lilikuwa la timu iliyotangulia, ikafa, na kwamba yao iliitwa vingine kabisa. Kutoka kwenye jina wakaingia kwenye mwaka. Huyu akasema timu ilivunjika kabla ya Uhuru, yule akasema la, baada ya Uhuru, kwa sababu yeye mwenyewe alicheza mchezo wa mwisho na alikuwa amekwisha kuoa.

Nikaingilia kati. "Wazee wangu, hapakuwa na daftari?"

Wakatazamana. Yule mkubwa akanijibu kwa upole, "Daftari lilikuwapo, maalim. Alikuwa nalo katibu. Katibu alipofariki, Mungu amrehemu, watoto wake waliwashia jiko."

Tukacheka sote. Lakini nilipokuwa njiani kurudi mjini kicheko kile kiliniwia kichungu. Jina la timu hiyo silitaji hapa, kwa kuwa sijui ni lipi kati ya yale mawili, na nikiandika moja nitakuwa nimekata kesi ambayo ushahidi wake ulipikia chai.

Usiku ule nilikumbuka timu nyingine iliyokufa, mbali sana na Makina. Msomaji asiudhike nikimtoa Kibera na kumpeleka London, tutarudi. Timu hiyo ilizaliwa mwaka 1859, zama za Malkia Victoria, kando ya msitu wa Epping upande wa mashariki wa London. Walioianzisha ni vijana waliokuwa wamesoma shule ya Harrow, wakiongozwa na ndugu wawili wa ukoo wa Alcock, na kwa kuwa walicheza ukingoni mwa msitu wakaiita Forest, yaani Msitu. Ajabu ya mambo ni kwamba jina la Kibera nalo, au Kibra kama wenyewe Wanubi wanavyolitamka, maana yake katika lugha yao ni msitu. Lakini tusiharakie kufurahia ndugu huyu wa jina. Mmoja alikuwa na wino, mwingine hakuwa nao.

Mwaka 1864 vijana wale waliihama ile pembe ya msitu na kubadili jina la timu likawa Wanderers. Tafsiri yake ni wazururaji, au tukitaka kuwastahi, wasafiri wasio na kituo. Jina lilikuwa la haki, kwa sababu tangu hapo hawakuwa na uwanja wao wenyewe. Leo walicheza bustani ya Battersea, kesho kiwanja cha kriketi cha Kennington Oval, na keshokutwa popote walipokaribishwa. Kijana wa Laini Saba anayebeba njumu zake ndani ya mfuko wa plastiki kwenda kutafuta pa kuchezea angewafahamu upesi, ijapokuwa wao walikwenda kwa magari ya farasi na baba zao walikuwa na mabenki.

Charles Alcock, mdogo kati ya ndugu wale wawili, alikuwa mzaliwa wa Sunderland, mji uleule ambao jina lake lilivukishwa bahari likapachikwa timu moja ya Dar es Salaam, mpaka mwaka 1971 timu hiyo ilipoamua kujiita Simba. Bwana huyu alikuwa mchezaji, nahodha, katibu na mwandishi wa magazeti, yote kwa pamoja. Tangu mwaka 1868 alikuwa akitoa kitabu cha kila mwaka chenye habari za mpira. Mwaka 1870 akawa katibu wa chama cha mpira cha Uingereza, na mwezi wa Julai 1871, katika ofisi ya gazeti la michezo alilokuwa akiliandikia, akapendekeza kishindaniwe kikombe. Hicho ndicho kikombe cha F.A. tunachokiangalia hadi leo katika televisheni.

Timu 15 ziliandikishwa mwaka ule wa kwanza. Wanderers walifika fainali kwa njia ambayo hapa kwetu ingezusha maneno mwezi mzima. Wapinzani wao wa kwanza walijitoa kabla ya mchezo. Wa pili, Clapham Rovers, waliwafunga. Wa tatu walitoka nao sare ya bila kwa bila, na kwa sheria za wakati ule timu zote mbili zikapita. Katika nusu fainali wakakutana na Queen's Park, waliotoka Glasgow, na huko nako bao halikupatikana. Ilipasa mchezo urudiwe. Lakini wale Waskoti hawakuwa na fedha za kukaa London wala za kurudi mara ya pili, wakajitoa, wakapanda treni wakaenda zao. Yaani timu iliyokuja kutwaa kikombe cha kwanza cha mpira ilipita nusu fainali kwa sababu wenziwe walikosa nauli. Mtu wa Kibera au Kawangware hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Ni timu ngapi zimetolewa mashindanoni kwa kuwa matatu ilidai fedha mbele?

Fainali ilichezwa Kennington Oval tarehe 16 Machi 1872, mbele ya watazamaji wapatao 2,000, dhidi ya maofisa wa jeshi wa Royal Engineers. Wanderers walishinda bao 1 kwa bila. Mfungaji alikuwa Morton Peto Betts, lakini siku ile alicheza kwa jina la bandia, A. H. Chequer. Jina hilo alilichukua kutoka kwa timu yake nyingine, Harrow Chequers, wale wale waliojitoa mbele ya Wanderers mwanzoni mwa mashindano. Lo! Mchezaji wa timu iliyojitoa ndiye aliyewafungia bao waliopita.

Waliendelea hivyo. Mwaka 1873 walitwaa tena kikombe. Kisha mwaka 1876, 1877 na 1878, mitatu mfululizo. Kwa kanuni, aliyeshinda mara tatu mfululizo alikuwa na haki ya kukiweka kikombe nyumbani mwake milele, lakini wao walikirudisha kwa sharti kwamba asiwepo tena atakayekimiliki moja kwa moja. Charles Wollaston alipata medali zote 5. Arthur Kinnaird, bwana mwenye ndevu nyekundu aliyependa kucheza na suruali ndefu nyeupe, alipata 3 akiwa nao.

Halafu wakafa, na waliowamaliza ni ndugu zao. Shule zile kubwa walikotoka zilianza kuwa na timu za wahitimu wake, na kila mmoja akaona haya kuichezea timu isiyo na kwao hali ya kuwa timu ya shule yake inamwita. Katika msimu wa 1878 na 1879, mabingwa wa miaka mitatu walikutana mzunguko wa kwanza na Old Etonians, timu ya wahitimu wa Eton, wakafungwa 7 kwa 2. Na nahodha wa Old Etonians alikuwa nani? Kinnaird yuleyule. Msimu wa 1880 walishindwa hata kukusanya watu 11, wakajitoa. Kwa miaka michache wakabakia na mchezo mmoja tu wa kila mwaka dhidi ya wanafunzi wa Harrow, kama mzee anayetoka nyumbani siku ya Idi pekee, na kabla muongo ule haujaisha walikuwa wametoweka.

Sasa naomba tuangalie jambo moja. Mimi nimezaliwa pwani ya Kenya, nimekulia chuoni mbele ya msahafu, sijapata kuwa na jamaa wala rafiki aliyeiona timu hiyo ikicheza, wala babu yake hakuiona. Na bado nimeweza kukuhadithia nani alifunga, kwa jina lipi la uwongo, mbele ya watu wangapi, na nani alikosa nauli. Kile kikombe chenyewe cha fedha walichokigombania kiliibwa dukani Birmingham mwaka 1895 na hakikuonekana tena. Fedha imepotea, wino umebaki. Na kwa sababu ya wino huo, mwaka 2009 walitokea watu wakalifufua jina la Wanderers, na mwaka 2012 wakaurudia mchezo ule wa 1872 katika uwanja uleule na dhidi ya timu ileile. Safari hii wakafungwa 7 kwa 1, jambo linaloonyesha kwamba kufufuliwa si sawa na kuishi. Lakini walijua ni nini wanachofufua. Wale wazee wangu wawili wa Makina wakipewa leo fulana mpya na uwanja wa majani, wataandika jina gani kifuani?

Atatokea wa kusema kwamba wale walikuwa matajiri, na historia ya tajiri hujiandika yenyewe. Ni kweli, wala sitaki kumdanganya mtu. Magazeti yalikuwa yao na katibu wa chama alikuwa wao. Lakini ichukue timu nyingine ya zama hizohizo, Blackburn Olympic. Hawa walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini, wengine wafumaji wa nguo, mwingine fundi wa mabomba. Mwenye kiwanda kimoja aliwasaidia fedha, wakaenda kukaa pwani Blackpool siku kadhaa kufanya mazoezi, na mwaka 1883 wakaja London wakawafunga mabwana wakubwa wa Old Etonians 2 kwa 1, Kinnaird akiwamo. Tangu siku hiyo kikombe kiliwatoka mabwana, na hakikuwarudia tena. Miaka sita baadaye, mwaka 1889, Olympic nayo ikafa, kwa sababu jirani yake Blackburn Rovers alikuwa na fedha zaidi za kuwalipa wachezaji. Mafundi na wafumaji wale majina yao yamehifadhiwa pamoja na kazi zao. Basi umaskini peke yake hautoshi kuwa udhuru. (Na siku hizi mji huo wa Blackburn una Waislamu wengi, misikiti imejaa, na bila shaka watoto wa chuoni wanacheza mpira mitaa ileile. Dunia ni duara.)

Tumerudi Kibera.

Kibera inajua kuliko mtaa wowote wa nchi hii gharama ya kutokuwa na karatasi. Askari wa Kinubi, waliotoka Sudan kwa njia ya Uganda wakalitumikia jeshi la King's African Rifles, walianza kukaliswa katika msitu ule mwaka 1904, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,198. Wazee walifahamu kwamba hiyo ni zawadi ya utumishi wao. Waliahidiwa, na ahadi ni deni. Lakini walichokuwa nacho mkononi ni pasi tu za kukaa na kulima. Ilipokuja tume ya ardhi ya Carter mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaamua kwamba hawa ni wapangaji tu, wanaokaa kwa hiari ya Serikali ya Mwingereza. Kuanzia hapo ardhi ikawa inamegwa kama mkate: Woodley ikatoka humo, Jamhuri ikatoka humo, na mitaa mingine ya upande wa Lang'ata. Wanubi walipokabidhiwa hatimaye hati ya jumuiya, mwezi wa Juni 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Naileta habari hii ya ardhi katika makala ya mpira kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba timu hufa pale uwanja unapokufa, na kila ekari iliyomegwa ilikuwa na watoto waliokuwa wakikimbiza gozi juu yake. Husemwa kwamba jina la Laini Saba lenyewe limetokana na mahali askari walipolenga shabaha. Palipokuwa na shabaha pakaja milango ya magoli, palipokuwa na milango ya magoli pakaja mabati. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mtu akisimama mbele ya tume au mahakama na kusema "sisi tulikuwa hapa", huulizwa kwa ushahidi gani. Daftari la timu ni ushahidi. Lina tarehe, lina majina ya vijana ishirini na baba zao, lina jina la uwanja na la mtaa waliotoka. Picha moja ya wachezaji 11 waliosimama mbele ya mti wa mwembe, ikiwa imeandikwa mwaka nyuma yake, inaweza kusema jambo ambalo wazee kumi hawakubaliki wakilisema. Na sisi tunaviwashia jiko.

Kawangware mambo ni hayohayo, ila kwa sura nyingine. Mtaa huu ulikuwa sehemu ya Dagoretti, ukaingizwa katika mipaka ya Nairobi mwaka 1963, na tangu hapo umepokea watu wa kila kabila, hata wa kwetu Pwani. Timu zake ni za vijana wa kupita. Leo mtu yuko Gatina, kesho amehamia Kabiro, kesho kutwa amerudi kwao. Mama mmoja wa Kawangware, asili yake Kwale, alinifungulia kasha lake akanionyesha fulana ya marehemu mumewe. Ilikuwa ya buluu, imepauka, na alama ya kifuani imebanduka ikabaki nyuzi tu. Nikamwuliza, "Mama, hii ilikuwa timu gani?" Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nafua tu."

Mtaa huo si wa kupuuzwa katika historia ya mpira wetu. Dennis Oliech, aliyekuja kuchezea Nantes na Auxerre huko Ufaransa, alianzia Dagoretti Santos kabla ya kwenda Mathare United, na alikuwa mmoja wa wafungaji siku Kenya ilipoifunga Burkina Faso 3 kwa bila huko Tunisia mwaka 2004, ushindi wetu wa kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Habari zake zimeandikwa kwa kuwa alifika Ulaya. Wale waliompokeza mpira kwenye vumbi la Dagoretti je? Na wale waliokuja kabla yake, waliolichimba hilo vumbi?

Wasomaji wangu wa Mombasa na Lamu wasije wakatikisa vichwa kuwasikitikia watu wa Nairobi. Sisi ni wa mwisho wa kucheka. Ligi ya taifa ya nchi hii ilianza mwaka 1963, na mabingwa wa kwanza wakawa Nakuru All Stars. Mwaka 1964 wakawa Luo Union. Mwaka 1965 ubingwa ulikuja Mombasa, ukaletwa na Feisal. Tangu mwaka huo hakuna timu ya Pwani iliyotwaa tena ligi hiyo. Bandari wamefika nafasi ya pili, na ya pili si ya kwanza. Kwa hivyo Feisal ndiyo timu pekee ya Pwani iliyopata kuwa juu ya Kenya nzima, na imekufa. Simama leo Makadara au Mwembe Tayari, mwulize kijana wa miaka ishirini Feisal ni nani. Atakutajia mfalme wa Saudia. Liverpool ya Mombasa nayo iligeuka ikawa Mwenge, na wapo wanaodhani ukiwatajia Liverpool unazungumza juu ya Mohamed Salah.

Nami najiuliza kwa nini imekuwa hivi kwetu sisi, kwa maana sisi si watu wasiojua kalamu. Kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, kabla Nairobi haijakuwa Nairobi, watu wa pwani hii walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu nasaba zao, waqfu zao, mirathi yao, madeni yao na tenzi zao. Habari za Pate ziliandikwa. Mtu alikuwa akiuza minazi mitatu na hati ikaandikwa, na mashahidi wakatia mikono. Mpira nao si mgeni wa jana; huko Unguja wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa wakiucheza kabla karne ya 19 haijaisha, na vijana wa Ng'ambo wakaupokea wakaufanya wao.

Jibu langu ni kwamba tuliuona mpira kuwa haustahiki wino. Masheikh wetu walikuwa na hoja zao, na baadhi ya hoja hizo mimi nazikubali hata leo. Kaptura zilikuwa fupi na mapaja yakawa nje. Mchezo ulianza baada ya Alasiri, ukavutwa mpaka Magharibi ikapita watu wakiwa uwanjani. Kukaingia kamari, na siku hizi kamari yenyewe imo ndani ya simu ya mtoto. Baba wa heshima alimwacha mwanawe acheze, lakini hakukubali kuandika mchezo katika daftari lile analoandika zaka. Hivyo tukaupeleka mpira barazani, na barazani kila kitu huanza kwa "nakumbuka" na kuishia kwa "Mungu ndiye ajuaye".

Lakini watu hao hao wa dini ndio waliotupa chombo tunachokihitaji. Aliyesoma chuoni anajua kwamba hadithi haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake tu. Huulizwa sanadi: nani ameipokea, kutoka kwa nani, na huyo naye alimsikia nani, je, waliwahi kukutana, je, alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwa nzima? Astaghfirullahi, simfananishi mtu na Maswahaba wala silinganishi maneno ya Mtume, sala na amani ziwe juu yake, na habari za gozi. Nasema juu ya adabu ya kupokea habari, adabu ambayo watu wetu waliijua vizuri sana kabla Alcock hajazaliwa. Bao lililofungwa Makina mwaka 1961 lisimuliwe kwa adabu hiyo: nimeambiwa na fulani, aliyekuwa winga wa kushoto siku hiyo, na fulani mwingine aliyekuwa mtazamaji amekubaliana naye katika bao, amehitilafiana naye katika mwaka. Hapo ubishi wa wazee wangu wawili hauwi tena upuuzi wa barazani. Unakuwa riwaya mbili, zote mbili zinaandikwa, na atakayekuja baadaye atapima.

Nami sijitoi lawamani. Miaka ya themanini, nilipokuwa kijana nisiye na kazi ila kutunga, nilikuwa mtunzi wa timu ya mtaa wetu. Kila tuliposhinda nilitunga beti tano au sita zikaimbwa njiani tukirudi, na tuliposhindwa nilitunga za kumkejeli refa. Nilikuwa nikiziandika nyuma ya paketi za sigara za watu wengine. Hakuna hata moja niliyoiweka. Timu ilikufa mwaka ambao nahodha wetu alikwenda Uarabuni kutafuta riziki, na leo nikitaka kuwaonyesha wanangu nilikuwa nani, nakumbuka vina bila mizani, au mizani bila vina. Mshairi aliyepoteza mashairi yake mwenyewe hana mdomo wa kumlaumu mtoto wa katibu.

Haya ninayoyataka hayahitaji wizara. Hatuhitaji jumba la makumbusho wala mhisani wa kutoka ng'ambo mwenye kamera kubwa, ambaye Kibera imewaona wengi wa namna yake. Watoto wa madrasa za Makina na Kawangware wana madaftari, wana mwandiko mzuri, na siku ya Alhamisi jioni hawana masomo mengi. Maalimu awape kila mmoja mzee wa kumwendea. Aulize jina la timu, na kama ilibadilika jina, ilibadilika lini na kwa nini, maana timu nyingi za nchi hii zilibadilishwa majina. Abaluhya ilikuwa AFC Leopards mwaka 1980, pale majina ya kikabila yalipokatazwa. Aulize fulana zilikuwa za rangi gani na nani alizinunua. Aulize walicheza wapi, na sasa pale pana nini. Aulize nani alikuwa akiweka fedha, na zilikwenda wapi, ingawa hapo mzee anaweza kukumbuka ghafla kwamba ana udhu wa kuchukua. Na juu ya ukurasa aandike tarehe, jina lake, na jina la aliyemhadithia. Basi.

Nikipata madaftari hayo, hata yakiwa na makosa ya herufi, ukurasa huu utayapa nafasi.

Kwa kuanza, niliwatumia wale wazee wawili wa Makina madaftari mawili ya kurasa mia mia, kila mmoja lake, nikawasihi wasionyeshane mpaka wamalize. Yule mdogo amekwisha nipigia simu. Hakuuliza juu ya jina wala mwaka. Alitaka kujua kama ni lazima aandike na mabao waliyofungwa. Nimemwambia aanze na hayo.